Mama Dirisha na Askofu Aliyekwama Kwenye Treni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa nane na nusu mchana, mpishi mkuu wa seminari yetu alichukua aproni yake, akaikunja mara nne kama anavyokunja kila kitu, akaiweka juu ya pipa la unga na kustaafu. Ametumikia miaka thelathini na saba na miezi minne. Hesabu hiyo nimeitoa mimi, mkutubi, kwenye faili lake. Yeye mwenyewe husema tu kwamba alikuja enzi za jiko la kuni, anaondoka enzi za jiko la gesi, na kwamba kuni zilikuwa na adabu zaidi.

Wahariri wa jarida letu waliniomba niandike ukurasa mmoja. Nimewajibu kwamba ukurasa mmoja unamtosha mtu aliyepika tu. Huyu alipika, akasikiliza, na kwa miaka kumi na tisa akaningoja nirekebishe kosa langu bila kunizidishia chumvi kwenye sahani hata siku moja. Kwa hiyo nitachukua nafasi ninayoitaka.

Alifika akiwa na miaka ishirini na miwili, kushika nafasi ya binamu yake aliyekwenda kujifungua. Kazi ilikuwa kumenya viazi, muda miezi mitatu. Binamu alijifungua salama, mtoto akakua, akasoma, akaoa, na sasa ana watoto wake wawili. Ile miezi mitatu ndiyo iliyoisha wiki iliyopita. Katikati hapo mama huyu alipanda kutoka ndoo ya viazi hadi sufuria kubwa. Alifundisha wapishi kumi na wanne. Alilisha magambera watano (kwa wasiotujua, gambera ndiye mkuu wa seminari, na mafrateri ni wanafunzi wake), maaskofu wageni ambao sijawahesabu, na mafrateri zaidi ya elfu moja ambao leo ni mapadre, walimu, waume za watu, na mmoja ni dereva wa lori ambaye mpaka leo akipita njia hii lazima aingie jikoni kusalimia. Mumewe alifariki mapema, akamlea binti yao peke yake. Binti huyo sasa ni mkunga, naye hujisifu kwamba alijifunza kusoma na kuandika akiwa amekaa juu ya gunia la maharage la seminari.

Jina la Mama Dirisha lina historia yake.

Hapa kwetu, chakula cha mchana huliwa kimya. Baada ya sala, frateri mmoja husimama kwenye meza ya msomaji na kusoma kwa sauti maisha ya watu waliolifikiria Kanisa kwa kina: mapapa, maaskofu, wanateolojia, wanafalsafa, wamonaki na mabikira waliokuwa na kalamu kali. Wengine wote wanatafuna na kusikiliza. Ndizi zikishatoka jikoni, gambera hupiga kengele ndogo, msomaji hunyamaza hapo hapo alipofika, hata kama ni katikati ya sentensi, na mazungumzo huanza. Jiko na bwalo vimetenganishwa na ukuta wenye dirisha dogo la kupitishia vyombo, lenye mlango wa mbao unaopanda na kushuka. Kanuni inasema mlango huo ushushwe wakati wa kusoma ili kelele za masufuria zisisikike.

Katika wiki yake ya pili, yule mmenya viazi aliweka mwiko chini ya mlango ule, ukabaki wazi upana wa kiganja. Gambera wa wakati huo aliuona, akaamuru uondolewe. Kesho yake palikuwa na mwiko mdogo zaidi. Keshokutwa kijiko cha kupakulia. Ijumaa kilikuwa kijiko cha chai, na Jumamosi gambera akaacha kutazama upande ule. Tangu siku hiyo dirisha halijawahi kufungwa kabisa, na mama akapata jina.

Haikuchukua muda akagundua jambo ambalo sisi wasomi hatukuliona: kama kengele inafuata ndizi, basi mwenye ndizi ndiye mwenye kengele. Sura ikikaribia kuisha na muda umekwisha, ndizi zilichelewa. Mara hazijaoshwa, mara kisu hakionekani. Magambera watatu wa kwanza walidhani jikoni kuna uzembe. Wa nne aliuliza, akaambiwa ukweli bila kupindwa, akacheka mpaka akatoa miwani.

Kwa njia hiyo, akiwa amesimama na mwiko mkononi, alisikia watu wakubwa wa Kanisa wa karne ishirini. Mimi nina kadi elfu saba kwenye droo za maktaba, zimepangwa kwa herufi. Yeye alikuwa na mpangilio wake, na wake ulikuwa mwepesi zaidi. Ukimtaja mwanateolojia yule mnene ambaye wanafunzi wenzake walimdhania zuzu kwa sababu ya ukimya wake, anakwambia, huyo tulimsoma mwaka wa kabichi. Ukimtaja yule aliyeiba matunda ya jirani utotoni na kuja kujuta ukubwani, anakwambia huyo alikuwa wa wakati ule tulipoletewa mchele wenye mawe, na kwamba yeye angependa sana kupika na mama wa mtu huyo, maana mwanamke yule alijua kusubiri. Padre wetu wa historia ya Kanisa, ambaye hapendi kubishiwa, siku moja aliambiwa darasani kwamba Mama Dirisha anasema sivyo. Alishuka jikoni na daftari lake. Walibishana juu ya beseni la vitunguu dakika arobaini, yeye akilia kwa hasira na vitunguu, mama akilia kwa vitunguu tu. Jioni padre alikuja maktaba, akafungua vitabu vitatu, akavifunga, akaondoka bila kuaga. Kipindi kilichofuata alilisahihisha somo lake, na kwa haki kabisa akalitaja jiko kama chanzo.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Miaka kumi na tisa iliyopita tulikuwa tukisoma maisha ya askofu mmoja ambaye wanafunzi wake walimwita Askofu wa Maswali. Kitabu kiliandikwa na mwanafunzi wake mmoja, kikachapwa nakala chache katika kiwanda kidogo ambacho hakipo tena. Sisi tulikuwa na nakala moja. Askofu huyo alikuwa mtoto wa kinyozi, akafundisha teolojia miaka mingi kabla ya kupewa jimbo. Alikuwa na tabia moja iliyowashangaza mapadre wake. Kila Jumapili baada ya misa, kabla ya kunywa hata chai, alimfuata mpiga kengele, au mtunza bustani, au mama aliyefua vitambaa vya altare, akamwuliza: "Na wewe, umesikia nini?" Majibu aliyaandika kwenye daftari. Kutokana na daftari hilo alitunga kijitabu. Alisema humo kwamba wachungaji ndio wanaofundisha, hilo halina ubishi, lakini fundisho halijafika mpaka aliyelipokea aulizwe limemfikaje. Imani, alisema, wamekabidhiwa wote waliobatizwa, hata wasio na meza ya kuandikia.

Wapo waliopendezwa, wapo waliokasirika. Waliokasirika walisema anawapa wafagiaji kiti cha ualimu. Akaitwa kwenye baraza la wakuu wake ajieleze. Kabla ya kuondoka aliandika barua mbili. Katika ya kwanza alikubali kukifuta kijitabu chake. Katika ya pili alisema kwa heshima zote kwamba hawezi kufuta anachoamini ni kweli. Akazitia zote katika mfuko mmoja wa kanzu, akapanda treni. "Askofu akagusa mfuko wake, barua zote mbili zilikuwepo. Treni ikaondoka." Msomaji alipofika hapo ndizi zilikuwa zimeshatoka, kengele ikalia, na kesho yake tukafunga shule kwa likizo ndefu.

Jikoni hawakwenda likizo kwa amani. Msaidizi wa mama, ambaye kwa urefu wake sote tunamwita Mwiko, alisema askofu atatoa barua ya kukana, maana mtu mzima anajua kulinda kazi yake. Mama alisema hawezi. Walikubaliana kungoja kufunguliwa kwa shule.

Mimi nilikuwa na bidii nyingi siku zile. Katika likizo hiyo nilikusanya vitabu vilivyochakaa nikavipeleka kwa fundi wa kujalidi avishone na kuvitia majalada mapya. Masista wa mji wa jirani waliposikia hivyo, wakanipa na wao kitabu kimoja nikiunganishe kwenye boksi langu: Kanuni za Utunzaji wa Majengo. Kilikuwa na unene ule ule na kimo kile kile cha kitabu cha askofu. Fundi alirudisha kila kitu kwa wakati, kimeshonwa, kinanukia gundi. Nikawapelekea masista chao. Cha askofu nikakiweka kwenye meza ya msomaji mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa na furaha.

Siku ya kwanza ya muhula, frateri wa zamu alifungua kitabu mwanzoni, maana alama yetu haikuwemo, akakohoa, akasoma: "Sura ya Kwanza. Paa, mifereji na mabomba ya maji ya mvua."

Ndugu msomaji, hapa ndipo utakapotujua sisi ni watu wa aina gani. Frateri yule alikuwa amefundishwa kwamba kinachowekwa mezani ndicho kinachosomwa, naye akasoma. Sisi tuliokaa tulikuwa tumefundishwa kwamba wakati wa kusoma hakuna anayesema neno, nasi tukanyamaza. Gambera wa wakati huo alikuwa mzee mwenye masikio mazito, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Padre mmoja aliniambia baadaye kwamba alidhani ni zoezi la unyenyekevu. Siku ya pili tulisomewa uzio na makufuli. Siku ya tatu tulikuwa tumefika kwenye mchwa, na mimi nimeinamia sahani yangu nikiomba ardhi ipasuke, ndipo mlango wa dirisha ulipopanda wote, mpaka juu, kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba hii wakati wa kusoma. Kichwa cha mpishi kikatokeza. "Frateri," akasema, "askofu yuko wapi?"

Bwalo zima lilipasuka kwa kicheko, kengele ikapigwa, na kusoma kukaisha. Frateri yule aliitwa Mifereji tangu siku hiyo. Leo ndiye gambera wetu, na ameniruhusu kuliandika jina hilo baada ya kulitafakari siku mbili.

Nilimtafuta askofu kila mahali isipokuwa pale alipokuwa. Nilimwendea fundi, nikamtuhumu kwamba amepoteza kurasa; akakataa, nikamwonea kwa maneno. (Nimekwenda kumwomba radhi mwezi huu. Alinisamehe huku akicheka, jambo ambalo limeniumiza zaidi.) Niliwaandikia masista kuwauliza kama wana maisha ya Askofu wa Maswali. Walijibu hawana. Niliwauliza kama kitabu chao cha majengo kipo salama. Walijibu kipo, kinang'aa, na wanashukuru kwa jalada zuri. Walikuwa wametazama mgongo wa kitabu, basi. Nami, mkutubi mwenye cheti, sikufikiria kuwaambia wakifungue. Niliamini kwamba kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani, kwa sababu huo ndio msingi wa kazi yangu.

Kuanzia hapo, kila muhula ulipofunguliwa, nilipokwenda jikoni kusalimia, mama aliniuliza swali moja: "Mkutubi, yule askofu ameshafika?" Nami nilijibu: "Bado, mama." Aliuliza bila lawama, kama anayeulizia mgeni aliyecheleweshwa na barabara. Ikawa salamu yetu. Watu walidhani ni utani, na mimi nilijitahidi kudhani hivyo.

Miaka minane iliyopita aliugua, akapelekwa hospitali kufanyiwa upasuaji. Nilimkuta kitandani ameshavalishwa lile gauni la kijani, binti yake amemshika mkono mmoja. Akanipa ule mwingine. Nilidhani atanipa wosia. Akaniuliza kama askofu ameshafika. Nikasema bado, naye akanieleza, kwa mara ya kwanza, kwa nini anauliza. Alisema amesikia watu wengi wenye akili kupitia lile dirisha, na wote anawaheshimu, lakini huyu ndiye pekee aliyemwuliza mfua vitambaa amesikia nini. Kama alitoa ile barua ya kukana, basi alikuwa amesema kwamba mama yule hakuwa na la kusema. "Nataka kujua kama alimtosa," akasema. Wakaja kumsukuma kwenda chumba cha upasuaji.

Niliona aibu siku ile, aibu ya kweli. Nilirudi maktaba nikashusha vitabu vyote vya rafu tatu, nikavifungua kimoja kimoja. Mama akapona, akarudi jikoni, akashika mwiko. Mimi nikabaki na deni langu na vumbi.

Faili lake lilipoonyesha kwamba mwisho wa Juni anastaafu, nilianza kuukwepa mlango wa jikoni. Nilikuwa nakunywa chai maktaba, kinyume na tangazo nililolibandika mwenyewe.

Tarehe 21 Juni nilipata barua kutoka kwa mama mkuu wa masista. Mvua zilikuwa zimelitoboa paa la nyumba yao. Wakabishana ni nani anayepaswa kulitengeneza, mtu akakumbuka kwamba kuna kitabu cha kanuni. Wakakishusha, wakafungua sura ya paa. "Tumekuta askofu amekaa kwenye treni," mama mkuu aliandika, "na tunaomba utueleze yeye anahusikaje na bati zetu."

Sikumbuki nilishukaje ngazi. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia amepatikana, yuko kwa masista, amekaa humo miaka yote kumi na tisa ndani ya jalada la majengo. Akaweka ungo chini, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Umesoma mwisho?" Nikasema bado. Akasema vizuri, usisome.

Kitabu kilifika tarehe 26, ndani ya mfuko wa mkate. Gambera alimwambia akichukue akakisome nyumbani kwa raha zake, naye akakataa katakata. Kitabu cha mezani, alisema, husikilizwa mezani. Sasa hesabu ilikuwa mbaya. Tulikuwa tumebaki na milo minne ya mchana: ya tarehe 27, 28, 29 na 30. Kurasa zilizosalia zilikuwa hamsini na mbili. Msomaji mzuri, mpaka ndizi zitoke, humaliza kurasa kumi. Yeye mwenyewe alizichelewesha siku tatu zile kadiri alivyoweza, tukasoma thelathini na moja. Askofu alikuwa ameshashuka kwenye treni, amepewa chumba chembamba, na kila asubuhi anaketi kwenye benchi la korido akingoja kuitwa. Siku ya mwisho zilibaki kurasa ishirini na moja, na siku ya mwisho mama hakuwa jikoni.

Hakuwa jikoni kwa sababu gambera alikuwa ameagiza kiti chake kiwekwe ndani ya bwalo, karibu kabisa na meza ya msomaji. Miaka thelathini na saba hajawahi kukaa humo wakati wa kusoma. Alikuja na gauni la bluu, mikono ameipakata kama mtu asiyejua aiweke wapi. Gambera alikwenda mwenyewe kwenye meza ya msomaji. Yule aliyewahi kutusomea mifereji kwa utii alitaka leo atusomee askofu. Kengele akaiacha mahali pake, na kanuni ni kanuni: ndizi zikitoka, lazima ipigwe.

Ndizi hazikutoka. Dakika ishirini zikapita, thelathini zikapita. Kupitia upenyo wa dirisha, uliokuwa umeshikiliwa na kijiko cha chai, tuliona jicho moja la Mwiko. Mtu huyo ambaye kwa miaka kumi na tisa alilalamika kwamba mama anachelewesha matunda alikuwa amezikalia ndizi zote za nyumba hii, na nadhani angekuja askofu wa jimbo kuzidai asingezipata.

Nitawaambia yaliyomo, maana sasa si siri tena. Askofu wa Maswali alikaa kwenye benchi lile wiki kumi na moja bila kuitwa. Alizungumza na bawabu, akamwuliza kila siku amesikia nini, akaandika. Mkuu aliyemwita akahamishiwa kazi nyingine. Aliyekuja badala yake alilifungua jalada la kesi, akalifunga, akamwambia askofu arudi jimboni kwake kuna kazi. Akarudi. Aliishi miaka kumi na minne zaidi, na Jumapili ya mwisho ya uhai wake alimwuliza mfua vitambaa lile swali lake. Alipokufa, barua zote mbili zilikutwa ndani ya kitabu chake cha sala, zimefungwa, hazina anwani, na mwanafunzi wake, aliyekuwa ameambiwa yaliyomo, akazizika naye bila kuzifungua.

Gambera akasoma sentensi ya mwisho, akafunga kitabu. Mwiko nyuma ya dirisha akaguna. Miaka yote ile ya ubishi, na hakuna aliyeshinda. Mama alikuwa amekaa wima. Akasema, kwa sauti ambayo hakukusudia iwe kubwa: "Kumbe hawakumwuliza."

Gambera aliinyooshea mkono kengele, akaghairi. Akashuka kutoka kwenye meza ya msomaji, akasimama mbele ya kiti cha mpishi, akainama kidogo kama anavyoinama mtoto kwa mama yake. "Mama," akasema, "na wewe, umesikia nini?"

Alitutazama sote, mafrateri tisini na wanne na mapadre tisa. Mkono wake ukatafuta aproni ya kujifutia, ukakuta gauni. Machozi yalikuwa yanamshuka, na hapakuwa na kitunguu. "Baba," akasema, "nimesikia miaka thelathini na saba, na leo ndiyo mara ya kwanza mnaniuliza. Sasa kaeni vizuri, maana nimeyaweka mengi."

Tukakaa vizuri. Alianza na mwaka wa kabichi. Alituambia yule mnene mkimya alimfundisha kutomdharau mtu asiyesema, na ndiyo maana hakuwahi kumfokea mpishi mgeni kabla ya kumwona akifanya kazi wiki mbili. Alimtaja mtawa mmoja mwanafikra aliyewaandikia wakubwa barua za kuwakemea, akasema yeye angempunguzia ukali lakini hoja angeiacha kama ilivyo. Alituambia pia tusichotaka kusikia: kwamba wengi wetu tunasifu unyenyekevu wa watakatifu na tunaacha sahani mezani kama wafalme. Alisema juu ya mumewe, na ni maneno ya nani yaliyosomwa wiki ile ya msiba yaliyomshika asianguke. Alizungumza nusu saa nzima. Padre wa historia aliandika mfululizo. Mimi nilijaza kadi kumi na moja, pande zote mbili.

Alipomaliza aliinuka na, kwa mazoea, akaanza kukusanya vyombo. Kabla hajaishika sahani ya pili, frateri mmoja alisimama na yake, akafuata mwingine, kisha bwalo zima. Tulipanga mstari mpaka dirishani, mapadre na gambera wakiwemo, kila mtu na sahani yake, na Mwiko akazipokea huku anagawa ndizi kwa mkono mwingine. Mama alisimama pembeni akitutazama. Kisha akaingia jikoni kuikunja ile aproni.

Kadi zile kumi na moja zimeingia kwenye droo za maktaba, sehemu ya wanafikra wa Kanisa, herufi M. Yeyote anayezitaka aje, azisome humo humo ndani; hazitoki. Na kabla ya kuziweka, nilizigeuza na kuzisoma zote kuhakikisha kilichomo ndicho kilichoandikwa juu.

Mama Dirisha, kwa niaba ya wote uliowashibisha, asante kwa kila sufuria, kwa kila ndizi iliyochelewa, na kwa kunivumilia. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda kukaa na dada yako. Tunakuombea afya, majirani wema, na mtu wa kukuuliza maswali kila siku. Ila tunakuomba kitu kimoja: ukifika, tuma neno upesi. Nyumba hii inajua sasa ilivyo vigumu kukaa miaka bila kujua kama mtu ameshafika.